Vyura 11 kati ya 22: uchambuzi wa mradi mmoja wa wanafunzi wa Minnesota

Mnamo Agosti 1995 kikundi kidogo cha wanafunzi wa Minnesota New Country School, shule ambayo ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja tu kabla katika mji mdogo wa Le Sueur, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kilikwenda na mwalimu wao kwenye shamba la familia ya Ney karibu na Henderson ili kujifunza kuhusu ardhioevu. Kwenye nyasi za kando ya dimbwi walikuta vyura wa madoa wakirukaruka, nao wakaanza kuwakimbiza na kuwakamata kama ambavyo watoto wa mahali popote wangefanya. Mmoja wa vyura wa mwanzo kukamatwa alikuwa na mguu wa nyuma uliokaa vibaya, na wazo la kwanza lililowajia ni kwamba wamemvunja kwa kumshika kwa pupa. Walipoendelea kukamata wengine walikuta miguu iliyokosekana, miguu iliyopinda na miguu iliyoota pasipostahili, na ikawa wazi kwamba si mikono yao iliyofanya hayo. Walipomaliza walikuwa wamekamata vyura 22, na 11 kati yao walikuwa wamelemaa.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi na watetezi wa ujifunzaji kwa njia ya miradi, na kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya watoto waliogundua janga ambalo wataalamu hawakuliona. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inaweka uzito mahali pasipo pake. Wanabiolojia walikuwa wanajua habari za vyura wenye viungo visivyo vya kawaida kabla ya siku hiyo. Huko California madimbwi yenye vyura na salamanda (wanyama wa jamii ya vyura walio na mkia) wa miguu ya ziada yalikuwa yamechunguzwa tangu miaka ya 1980, na hata Minnesota yenyewe taarifa ya vyura wa namna hiyo kutoka Granite Falls ilikuwa imeifikia mamlaka ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi mwaka 1993. Ninachotaka kukichambua hapa ni namba zile mbili, na hasa ile ya pili, 22, kwa kuwa naamini mradi mzima ulisimama juu yake, na kwamba mwalimu wa Afrika Mashariki anayetaka kuwatoa wanafunzi wake nje ya darasa kuchunguza mazingira ana la kujifunza zaidi kutoka kwenye namba hiyo kuliko kutoka kwenye umaarufu uliofuata.

Shule isiyo na kengele

Kwanza lazima ieleweke ilikuwa shule ya aina gani, maana tukio hilohilo likitokea kwenye shule nyingine lingeishia kwenye gumzo la ndani ya basi wakati wa kurudi. Minnesota ilipitisha mwaka 1991 sheria ya kwanza nchini Marekani ya kuruhusu shule za umma zinazojiendesha kwa mkataba, yaani shule zinazolipiwa na kodi lakini zisizobanwa na taratibu zote za wilaya. New Country School ilizaliwa kutokana na sheria hiyo. Haikuwa na ratiba ya vipindi wala kengele za kubadilisha masomo. Mwanafunzi alikuwa na meza yake mwenyewe kama mfanyakazi wa ofisini, na kazi yake kubwa ilikuwa kubuni mradi, kuutetea mbele ya mwalimu mlezi, kuufanya, na kisha kuuwasilisha hadharani. Walimu wenyewe walijiunga katika ushirika, ushirika kwa maana ileile tunayoijua sisi ya wakulima wa kahawa na pamba, na ushirika huo ndio uliokuwa na dhamana ya mafunzo shuleni. Katika eneo la wakulima kama Bonde la Mto Minnesota, wazo hilo halikuwa geni kama linavyoweza kuonekana kwetu.

Nimeyataja haya kwa sababu safari ya shambani kwa Ney haikuwa mradi wa vyura. Hakuna aliyeandika kwenye andalio la somo kwamba ifikapo mwisho wa siku mwanafunzi aweze kueleza sababu za ulemavu wa vyura. Ilikuwa ziara ya kuangalia ardhioevu, na mradi ulizaliwa pale pale, kwa sababu shule ilikuwa na nafasi ya kuupokea: mwalimu aliweza kuacha kile alichokikusudia, wanafunzi waliweza kurudi dimbwini tena na tena, na kazi iliweza kuendelea kwa miezi bila mtu kuuliza ni ya somo gani. Bahati haiwezi kupangwa. Nafasi ya kuipokea bahati inaweza kupangwa, na hapo ndipo shule nyingi zetu zinakwama, kwa kuwa kipindi cha dakika 40 kinatosha kushangaa tu.

Namba ya chini

Katika hesabu za shule ya msingi tunafundisha kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Ukitazama ripoti nyingi za miradi ya mazingira ya shule zetu, na nimezisoma nyingi, utaona zimejaa viasi visivyo na asili. Wanafunzi wamekusanya kilo kadhaa za chupa za plastiki, lakini haisemwi ufukwe waliousafisha ulikuwa na urefu gani wala chupa ngapi zilibaki. Wamepanda miti mia kadhaa siku ya maadhimisho, lakini hakuna aliyerudi baada ya kiangazi kuhesabu ni mingapi iliyo hai. Namba hizo hupendeza kwenye bango na mbele ya mgeni rasmi, ila haziwezi kulinganishwa na kitu chochote, na kwa hiyo haziwezi kujibu swali lolote.

Wanafunzi wa Le Sueur walihesabu vyura wazima pia. Jambo hili ni dogo kiasi kwamba wasimulizi wengi huliruka, lakini jaribu kujiweka kwenye nyasi zile: umemshika chura asiye na mguu, wenzako wanapiga kelele, kila mtu anataka kuona, chura mzima anayefuata hana mvuto wowote, na ni rahisi kumwachia bila kumwandika. Kama wangefanya hivyo, wangerudi na taarifa kwamba wameona vyura 11 wa ajabu, na ofisa yeyote angeweza kuwajibu, kwa haki kabisa, kwamba kwenye dimbwi lenye maelfu ya vyura hakosi kupatikana wenye kasoro. Waliporudi na 11 kati ya 22 jibu hilo halikuwezekana tena. Katika kundi la kawaida la vyura, wenye kasoro za viungo ni wachache mno, na asilimia tano yenyewe hutazamwa kwa wasiwasi; hapa ilikuwa nusu.

Je, nusu kweli? Hapa kuna somo la hisabati ambalo ningependa kuliona kwenye ubao wa kila darasa la sekondari linalofanya mradi wa namna hii. Sampuli ya 22 ni ndogo, na kwa kanuni za kawaida za takwimu, mtu anayepata 11 kati ya 22 anaweza kudai kwa kujiamini kwa asilimia 95 kwamba kiwango halisi kiko mahali fulani kati ya asilimia 28 na 72. Huo ni upana mkubwa, na mwanafunzi anayesema "nusu ya vyura wote wa dimbwi wamelemaa" amesema zaidi ya alichokiona. Lakini hata ukichukua ukingo wa chini kabisa, asilimia 28, bado uko mbali sana na hali ya kawaida. Kwa hiyo namba ileile ni dhaifu kwa swali moja na imara kwa swali jingine, na mwanafunzi aliyeuelewa utofauti huo amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi wenye vyeo hawalijui.

Kuna udhaifu mwingine, na huu haurekebishwi kwa kuongeza sampuli. Chura mwenye mguu mmoja haruki mbali. Mtoto anayekimbiza vyura kwa mikono atawakamata kwanza wale wasioweza kumkimbia, na kwa hiyo kapu lake litakuwa na vilema wengi kuliko dimbwi lenyewe. Kwa upande mwingine, chura asiyeweza kukimbia huliwa mapema na ndege na nyoka, hivyo vilema walionusurika hadi Agosti huwa wachache kuliko waliopata kasoro tangu mwanzo. Upotofu mmoja unavuta juu na mwingine unavuta chini, na hakuna njia ya kujua upi ulioshinda siku ile kwa kuitazama namba peke yake. Njia ni kubadilisha namna ya kukamata: kutumia wavu wenye mpini mrefu, kupita kwenye mistari iliyopimwa, na kumchukua kila chura anayeonekana ndani ya mstari hata kama anamshinda mtu mbio. Mradi mzuri ungewafanya wanafunzi wenyewe waugundue upotofu huo, kwa kuwauliza tu: "Yupi alikuwa rahisi kumkamata?"

Watu wazima wanaingia

Shule iliwasiliana na mamlaka ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi. Judy Helgen, mwanabiolojia wa ardhioevu wa mamlaka hiyo, na Robert McKinnell, mtaalamu wa vyura wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walifika shambani wakajionea. Wanafunzi nao wakaweka matokeo yao kwenye ukurasa wa intaneti, wakati ambapo shule zilizokuwa na ukurasa wa intaneti zilihesabika, na kutoka hapo habari ikakimbia kuliko vyura wenyewe. Waandishi wa habari walimiminika. Katika majira ya joto ya 1996 taarifa za vyura waliolemaa zilikuja kutoka zaidi ya nusu ya kaunti 87 za Minnesota, na hazikuchukua muda kuanza kutoka majimbo mengine na Kanada. Wanafunzi walifika mbele ya wabunge wa jimbo kueleza walichokiona, na bunge likatenga fedha za uchunguzi. Chuo Kikuu cha Hamline mjini St. Paul kilianzisha programu ya kuzishirikisha shule na familia katika kuangalia vyura, na mwaka 1997 shirika la serikali kuu la utafiti wa jiolojia na mazingira lilifungua huko Jamestown, North Dakota, kituo cha kupokea taarifa za kasoro za amfibia kutoka bara zima.

Mpaka hapa ni mafanikio matupu, na ndipo simulizi nyingi zinapoishia. Mimi naona ndipo kisa kinapoanza kuwa na manufaa kwa mwalimu, kwa sababu kilichofuata ni miaka mingi ya watu wenye shahada kubwa kujikwaa kwenye jiwe ambalo wanafunzi wale walilikwepa.

Swali lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa sababu. Henderson iko katikati ya mashamba ya mahindi na soya, na mshukiwa wa kwanza alikuwa viuatilifu. Mshukiwa mmoja hasa alikuwa methoprini, dawa ya kuzuia mbu, ambayo mabaki yake yakivunjwa na jua hufanana na asidi ya retinoiki, kemikali inayoongoza uotaji wa miguu katika kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika ndani ya yai. Wengine walishuku miale ya urujuanimno, kutokana na kupungua kwa ozoni, hewa ya juu angani inayoikinga dunia na miale hiyo. Mwezi Septemba 1997 mamlaka ya jimbo pamoja na taasisi ya taifa ya afya ya mazingira zilitangaza kwamba maji kutoka sehemu zenye vyura waliolemaa, yakiwemo maji ya visima, yaliharibu ukuaji wa viinitete katika maabara, na familia zilizokuwa jirani zikapewa maji ya chupa. Viinitete hivyo, kwa kusema pembeni, vilikuwa vya chura wa kutoka kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, ambaye maabara za dunia nzima humtumia kwa majaribio. Kisha maabara ya shirika la serikali kuu la mazingira iliyoko Duluth, Minnesota, ikarudia kazi na kuonyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa uwiano wa chumvi: maji yale yalikuwa na upungufu wa madini ambayo viinitete vya jaribio vinayahitaji, na yaliporekebishwa madhara yakapungua mno. Familia zilikuwa zimeshatishwa, na mabishano kati ya wataalamu yalikuwa yamefika magazetini.

Tatizo halikuwa ujinga. Jaribio lenyewe lilikuwa halali, ila liliulizwa swali lisilo lake. Lilipima kama maji yanadhuru viinitete vya chura wa nchi nyingine, na tangazo likaeleweka kana kwamba limepima kwa nini vyura wa Minnesota hawana miguu, na kama watu wako salama. Tofauti kati ya kuhesabu na kueleza ilipotea njiani, chini ya shinikizo la watu waliotaka jibu.

Mwanafunzi mwingine, madimbwi 35

Jibu la sehemu kubwa lilitoka mbali, na lilitoka kwa mwanafunzi. Huko California, Stanley Sessions na Stephen Ruth walikuwa wamependekeza mwaka 1990 kwamba miguu ya ziada husababishwa na vimelea vinavyojipenyeza kwenye chipukizi la mguu wa kiluwiluwi. Sessions alipandikiza shanga ndogo za plastiki mahali hapo, naye akapata miguu iliyokuwa na hitilafu, ishara kwamba kitu kigeni tu kinatosha kuvuruga mpangilio wa seli. Pieter Johnson, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Stanford, akalichukua wazo hilo. Yeye na wenzake walikagua madimbwi 35. Katika manne walikuta vyura walemavu wengi, na manne hayo yalikuwa na kitu cha pamoja: yalikuwa na konokono wa aina moja, mwenye gamba lililojisokota kama pembe ya kondoo dume. Kisha wakawafuga viluwiluwi maabara, wengine wakiwekewa vimelea 16, wengine 32, wengine 48, na wengine sifuri. Wasiowekewa walikua salama. Waliopewa 48 na wakanusurika, wote walilemaa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwezi Aprili 1999.

Angalia tena namba za chini. Johnson hakwenda kwenye madimbwi yenye vyura vilema pekee; alikwenda kwenye 35, na yale 31 yasiyo na matatizo ndiyo yaliyoyapa yale manne maana. Viluwiluwi wa sifuri ndio waliowapa wa 48 maana. Ni nidhamu ileile ya kumwandika chura mzima, ikiwa imepevuka.

Kimelea chenyewe kinaitwa Ribeiroia ondatrae, na safari yake ya maisha inastahili kuelezwa kwa sababu msomaji wetu ataitambua mara moja. Mayai yake hutoka na kinyesi cha ndege wa majini kama korongo, yakaanguliwa majini na kuingia kwa konokono. Ndani ya konokono huzaliana kwa maelfu, kisha vijidudu vinavyoogelea hutoka na kumtafuta kiluwiluwi, vikajichimbia karibu na mahali miguu inapoota. Chura anakua na miguu mitatu, minne ya nyuma, au mguu usiokunja, hawezi kuruka, korongo anamla, mzunguko unaanza upya. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au Pemba atasema hii ni hadithi ya kichocho, na hatakuwa mbali: kimelea cha kichocho nacho ni cha kundi hilohilo la minyoo bapa, nacho hupitia kwa konokono wa maji baridi, na konokono wanaobeba kichocho cha tumbo katika Ziwa Victoria ni wa ukoo mmoja na yule wa pembe ya kondoo wa California. Tofauti ni kwamba kichocho hakimtafuti kiluwiluwi, kinatafuta ngozi ya binadamu.

Je, mkulima ameachiwa huru? La. Mwaka 2002 Joseph Kiesecker alionyesha, kwa kazi aliyoifanya Pennsylvania, kwamba bila vimelea viluwiluwi hawakulemaa, lakini vimelea vilipokuwapo ulemavu ulikuwa mwingi zaidi kwenye madimbwi yanayopokea maji ya mashamba yenye viuatilifu. Mwaka 2007 Johnson na wenzake wakaonyesha kwamba mbolea inayotiririka hadi majini huongeza mwani, mwani huongeza konokono, na kila konokono aliyeambukizwa hutoa vimelea vingi zaidi. Na bado haikuisha. Vimelea vinaeleza vizuri miguu iliyozidi, ilhali vyura wengi wa Minnesota walikuwa na miguu iliyokosekana. Mwaka 2009 Sessions na Brandon Ballengée walionyesha kwamba kereng'ende wachanga, ambao huishi majini, huwashika viluwiluwi na kuwatafuna miguu inayochipua, kisha huwaachia wakiwa hai. Kwa hiyo miaka 14 baada ya siku ile ya Agosti, wakati wanafunzi wale walishakuwa watu wazima wenye kazi zao, jibu la swali lao lilikuwa: inategemea dimbwi, inategemea mguu.

Kama ningelisahihisha mradi huo

Sasa chukua mfumo wa alama ambao wengi wetu tunautumia kupima kazi mradi. Mwanafunzi anatakiwa abainishe tatizo la mazingira, ataje chanzo chake, aeleze athari, na apendekeze suluhisho. Ukiutumia kwa wanafunzi wa Le Sueur wa mwaka 1995, watapata alama za tatizo na pengine za athari, na watakosa zote za chanzo na suluhisho, yaani nusu. Mwanafunzi mjanja ataona hilo mapema naye atajaza pengo: ataandika kwamba chanzo ni dawa za mashambani na suluhisho ni kuwaelimisha wakulima. Atapata alama zote. Atakuwa amesema jambo ambalo hakuliona, ambalo hakulipima, na ambalo baadaye lilithibitika kuwa ukweli wa robo. Atakuwa amefundishwa na shule yake mwenyewe kufanya kosa lilelile lililowapata watu wazima mwaka 1997.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu mitaala yetu sasa inasukuma kazi mradi kwa nguvu. Kenya imeingiza miradi kwenye upimaji wa shuleni kupitia Mtaala wa Umilisi, na Tanzania ilianza mwaka 2024 kutekeleza mtaala ulioboreshwa unaotaka mwanafunzi atende badala ya kukariri. Nia ni njema. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani, anayetakiwa kujaza alama kabla ya muhula kuisha, atachagua miradi ambayo jibu lake linajulikana tayari, na wanafunzi watafanya maigizo ya utafiti. Ningependekeza, kama kuna anayeandaa viwango vya upimaji, sehemu kubwa ya alama ihamie kwenye kumbukumbu za uchunguzi, na sentensi "hatukuweza kujua chanzo, lakini tunaweza kukitafuta hivi" ipewe alama kamili inapofuatwa na mpango unaoeleweka. Chanzo kilichotajwa bila ushahidi kipunguziwe alama, kama tunavyompunguzia mwanafunzi wa hisabati aliyeandika jibu bila njia.

Jambo la kutoiga

Kuna kipengele kimoja cha mradi wa Minnesota ambacho hakipaswi kuigwa hivi hivi kwetu, nacho ni watoto kuingia dimbwini. Huko kaskazini, anayeingia kwenye maji yenye konokono mara nyingi huondoka na muwasho wa ngozi wa siku chache tu. Katika Kanda ya Ziwa, kwenye mabwawa ya mpunga, na kwenye vijito vya Unguja na Pemba vyenye kichocho cha mkojo, mwanafunzi anayetumwa na mwalimu kuchota konokono kwa mikono anaweza kuondoka na ugonjwa. Tena vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono kwa wingi wakati wa jua, yaani katika saa zilezile ambazo darasa huwa nje. Nimewahi kuona andalio la mradi lililowataka wanafunzi waingie kijitoni "kwa uangalifu". Uangalifu hauzuii kitu kisichoonekana kwa macho.

Hii haimaanishi konokono wasichunguzwe, maana swali la ni sehemu zipi za ukingo zina konokono na zipi hazina ni swali la kweli, lenye faida kwa kijiji, na halina jibu kwenye kitabu chochote cha kiada. Lifanywe kutoka ukingoni, kwa chujio lililofungwa kwenye mti mrefu, na anayechota avae mabuti ya mpira na glavu zinazofika kiwikoni. Maji yaliyochotwa yasimwagikie mtu. Konokono wahesabiwe kwenye sinia jeupe kwa kutumia kibanio, na wasiachwe kwenye chupa ya maji juani ili kuona kinachotoka; kazi hiyo ni ya watu wa maabara, nao wakiitwa shuleni huja na vifaa vyao. Mwalimu wa afya au mganga wa zahanati ya karibu ajulishwe kabla, hasa kwa kuwa atahitajika kama itagundulika kwamba konokono wengi wako pale pale kina mama wanapofulia.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi huo uwe na tarehe, saa, hali ya hewa, jina la aliyechota na la aliyeandika, urefu wa ukingo uliopimwa kwa kamba, na idadi ya michoto. Kila mchoto uandikwe, ukiwemo ule uliotoka na matope matupu, ambao mbele yake itaandikwa 0. Wanafunzi watataka kuiruka hiyo, watasema hakukuwa na kitu.